Rangi ya Chini ya Mashua

Leo tutasema habari za chombo cha tanga, hasa sehemu isiyoonekana, iliyo chini ya maji. Wenye karatasi ya somo, fuateni kwa kidole pole pole.

Mashua ikikaa majini huota. Kwanza utelezi, kisha majani, kisha wadudu wenye magamba magumu kama vikombe vidogo. Katika bahari ya joto kama yetu huota upesi. Mimi niliiacha mashua yangu nangani miezi miwili, nikidhani inapumzika. Nilipotweka tanga, upepo ulikuwa mzuri, lakini wenzangu walinipita wote. Hata kugeuka ilikuwa taabu, na mkondo ukanisukuma karibu na mwamba. Siku ile niliogopa.

Wazee wa pwani hutumia deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu. Chombo hupandishwa ufukoni wakati wa bamvua. Maji yakipwa hukwanguliwa, huunguzwa kwa moto wa makuti ili minyoo itoboayo mbao ife, kisha hupakwa. Deheni ni rahisi, ila shurti uirudie mara kwa mara.

Rangi za dukani nyingi zina shaba nyekundu, ambayo ni sumu kwa viumbe hivyo. Jambo hili si jipya: mwaka 1761 Waingereza walipigilia mabamba ya shaba chini ya manowari yao, HMS Alarm. Rangi ziko ngumu na laini. Laini hulika kidogo kidogo na kufunua sumu mpya. Hufaa chombo kielekacho daima. Lakini mashua inayoburutwa mchangani kila siku itaipoteza upesi. Hiyo ipake ngumu. Na kama chombo ni cha alumini, usikipake rangi ya shaba kabisa, maana italiwa bati lake.

Zamani palikuwa na rangi nyingine, yenye sumu iliyotengenezwa kwa madini ya stani. Ilisafisha vyombo sana. Lakini huko Arcachon, Ufaransa, chaza waliota magamba mazito yasiyo na umbo, na makinda yao yakafa. Ufaransa ikaikataza kwa vyombo vidogo mwaka 1982, na mapatano ya mataifa ya kuikataza yakaanza kutumika mwaka 2008. Basi ukiuziwa mkebe wa zamani kwa bei ndogo, soma kwanza maandishi yake. Yakiwa ya Kiingereza, mwite kijana wa shule akusomee, si aibu. Mkebe usio na maandishi usiununue.

Unapokwangua rangi ya zamani, iloweshe kwanza, ujifunge kitambaa puani. Vumbi lake ni sumu. Tandika turubai chini, uyakusanye makombo yote, kwani hapo hapo maji yakipwa mama zetu huokota chaza.

Sasa andikeni katika daftari: deheni, shahamu, bamvua, shaba. Kisha someni tena kwa sauti sehemu ya mkebe.