Mkulima Naye Amefundishwa

Somo letu latoka katika kitabu cha nabii Isaya, mlango wa 28, mstari wa 23 hadi wa 29.

Isaya anasema na wakuu wa Yerusalemu, watu wasiotaka kuambiwa neno. Mara anawatolea habari za mkulima. Mkulima halimi siku zote bila kupanda. Ajua mahali pa ngano na mahali pa shayiri. Ajua kwamba jira hupigwa kwa fimbo, wala haipitishiwi gurudumu, isije ikasagika. Ni nani aliyemfundisha? Isaya asema ni Mungu wake.

Basi mkulima ni mtu aliyesoma. Mimi nilipotoka chuo cha theolojia sikulijua hilo. Nilitumwa katika vilima vya Ukambani, na chini ya kanisa palikuwa na chemchemi. Nikahubiri juu ya kutunza ardhi, nikaleta miche ya mikaratusi, vijana wakaipanda kuizunguka chemchemi ile. Baada ya ibada nyanya mmoja akanijia, akasema, "Mchungaji, mti huo una kiu. Hapo panataka mkuyu." Nikatabasamu, nikamshukuru. Ndugu msikilizaji, kuna kumshukuru mtu ambako ni kumfunga mdomo.

Miti ilistawi, nami nikajisifu. Baada ya miaka kadhaa chemchemi ikawa tope, kisha ikakauka kabisa wakati wa kiangazi. Kina mama wakaanza kwenda mbali kufukua mchanga wa mto wapate maji, na wajukuu wa nyanya yule walikuwa miongoni mwao.

Kosa hilo ni la zamani huko. Mwaka 1938 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wakamba kuuza ng'ombe, ikisema mifugo imezidi na udongo unakwisha. Ni kweli, udongo ulikuwa ukichukuliwa na maji. Lakini wenye ng'ombe hawakuulizwa. Muindi Mbingu akawaongoza maelfu ya watu mpaka Nairobi wamwone Gavana. Yeye alikamatwa akapelekwa Lamu, lakini mpango ule wa kuuza kwa nguvu uliachwa.

Tena watu walishurutishwa kuchimba matuta, udongo ukitupwa upande wa chini. Mengi yalibomoka. Katika miaka ya 1950 wakulima wa Machakos walipendelea namna nyingine: unachimba mtaro, udongo unautupa upande wa juu, na ukingoni unapanda nyasi. Mvua ikija udongo hujikusanya nyuma ya ukingo, na miaka ikipita shamba la mteremko huwa kama ngazi. Hata leo matuta hayo yaitwa "fanya juu". (Jina hilo, nadhani, lanukia jembe kuliko ofisi.) Kazi nyingi ilifanywa na vikundi vya mwethya, hasa kina mama, na baada ya Uhuru waliendelea kuchimba pasipo askari wa kuwasimamia. Anayelima mteremko ule ameyaona maji yakipita usiku wa mvua. Mwenye ramani hakuwapo.

Mwishowe nilikwenda nyumbani kwa nyanya, nikamwambia, "Nyanya, nilikosa." Nilitazamia anikemee. Akanipa kigoda, akanieleza tangu asubuhi hata saa sita jinsi chemchemi ile ilivyokuwa alipokuwa msichana, na mimea iliyoota pale. Sikuwa na la kuongeza. Wiki iliyofuata tulikata mikaratusi, tukapanda mikuyu alipotuonyesha kwa fimbo yake. Maji hayajarudi kama zamani.

Tuombe. Ee Mungu, uliyemfundisha mkulima, utusamehe sisi tuliojibu kabla ya kusikia. Uikumbuke mikuyu ile michanga, na kina mama walioko mtoni asubuhi hii. Utupe mvua kwa wakati wake. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.