Tela Nyuma ya Gari Dogo: Uzito Upimwe Kabla ya Safari



Mjenzi wa nyumba, mfugaji wa ng'ombe wachache na mkodishaji wa viti vya sherehe wote hupiga hesabu moja: kukodi lori ni ghali, na gari dogo lipo nyumbani. Basi hununua au hukodi tela na kulifunga nyuma. Hesabu hiyo si mbaya. Lakini tela likichomoka mteremkoni, hasara haimwangukii mwenyewe peke yake. Humwangukia mwendesha baiskeli, mtoto atokaye shule na mama auzaye matunda kando ya barabara. Ndiyo maana tunawaomba walaji wayajue mambo machache kabla ya kutoa fedha zao.

Jambo la kwanza ni uzito. Muuzaji atakuambia, "Tela hili hubeba tani moja." Huenda ni kweli, lakini swali lako liwe, gari langu limeruhusiwa kukokota kiasi gani? Jibu limo katika kitabu cha gari. Humo watengenezaji huandika viwango viwili: kiwango cha tela lenye breki zake lenyewe, na kile cha tela lisilo na breki, ambacho huwa kidogo zaidi. Yako pia magari yasiyoruhusiwa kukokota kitu chochote. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tela ambalo uzito wake wa jumla unazidi kilo 750 halina budi kuwa na breki. Hata pasipo na sharti hilo, kipimo hicho ni cha busara.

Uzito wa jumla ni tela tupu pamoja na mzigo wake. Mfuko wa saruji una kilo 50; kwa hiyo tela la kilo 200 likipakiwa mifuko 11 limekwisha kufika kilo 750. Tangi la lita 1,000 likijaa maji ni tani nzima. Likijaa nusu huleta hatari nyingine, kwa kuwa maji huenda huku na huku na kulisukuma gari katika kona na wakati wa kufunga breki.

Jambo la pili ni kiungio. Mpira wa chuma ulio nyuma ya gari na kikombe cha tela lazima viwe vya kipimo kimoja. Mpira wa milimita 50 umeenea sana, lakini iko pia mipira ya inchi moja na saba ya nane, ambayo ni pungufu kidogo ya milimita 48. Kikombe cha milimita 50 kitaukalia mpira huo kana kwamba vinafaana, kisha kitaruka kwenye tuta la kwanza. Soma kipimo kilichogongwa juu ya chuma, usiliamini jicho. Funga pia minyororo miwili ya usalama, ikipishana chini ya mkono wa tela, ili kiungio kikiachia mkono huo udakwe usichimbe lami.

Jambo la tatu ni upakiaji. Mzigo mzito ukae chini, karibu na ekseli, ukielemea mbele kidogo. Ukiwekwa nyuma huinua mkia wa gari, na tela huanza kuyumba kama mkia wa samaki. Miongozo ya Uingereza hutaka asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela ikalie kiungio. Ya Marekani hutaka asilimia 10 hadi 15. Tofauti hiyo hutokana na namna magari na matela yalivyoundwa; hivyo fuata kitabu cha gari lako, wala usipite kikomo chake. Kamwe asipandishwe mtu ndani ya tela.

Barabarani, punguza mwendo na uache nafasi kubwa mbele yako. Nguvu ya mwendo haiongezeki sawasawa na kasi: anayetoka kilomita 50 kwa saa kufika 100 amebeba nguvu mara nne. Kwenye mteremko mrefu kama Kitonga, ingiza gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, ili breki zisichemke na kukosa nguvu. Tela likianza kuyumba, usikanyage breki kwa ghafla, wala usiongeze mwendo, wala usizungushe usukani kupambana nalo. Ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani unyooke, uache gari lipunguze mwendo lenyewe.

Mwisho, tuseme juu ya mkataba. Kabla ya kukodi, kagua upepo na nyufa za matairi, shika gurudumu ulitikise ili kujua kama beringi zimelegea, kisha mtu asimame nyuma ukiwasha taa za breki na indiketa. Dai bamba au hati inayoonyesha uzito wa juu unaoruhusiwa, na stakabadhi. Iulize kampuni ya bima, na jibu ulipate kwa maandishi, kama bima yako inahusu gari likiwa linakokota. Mkodishaji akikuharakisha au akikataa ukaguzi, ondoka.

Kuuliza si ujinga. Na mzigo uliozidi uzito ugawe safari mbili. Mafuta ya safari ya pili ni gharama ndogo kuliko maisha ya mtu.