Kumpokea Mzee Nyumbani

Masomo: Sira 3:12-14, Yn 19:25-27



Tunawasalimu kutoka Nduguti, wilayani Mkalama, mkoani Singida. Kwetu huku Julai ni mwezi wa upepo mkavu na baridi ya asubuhi. Mtama umekwisha kuingia ghalani, alizeti imekamuliwa, na wazee wetu huonekana wamekaa ukutani wakiota jua. Jumapili ya nne ya mwezi huu Kanisa huadhimisha Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021. Kwa hiyo leo tunapenda kutafakari pamoja nanyi juu ya wale wanaowatunza wazee hao, na hasa juu ya yule anayeianza kazi hiyo leo bila kuwahi kuifanya.

Injili tuliyoisikia inatupeleka msalabani. Bwana wetu, akiwa katika maumivu makali, anamkabidhi Mama yake kwa mwanafunzi aliyempenda. Mwinjili anasimulia kwamba tangu saa hiyo mwanafunzi alimchukua Mama huyo kwake. Mapokeo ya Kanisa yanatuambia kuwa mwanafunzi huyo ni Yohane, aliyekuwa mvuvi. Alijua nyavu, mashua na upepo wa ziwani. Hakuna mahali tunaposoma kwamba alikuwa amekwisha kujifunza namna ya kumtunza mama mjane mwenye uchungu wa kufiwa na mwanawe. Hata hivyo hakuomba muda wa kujitayarisha. Alipokea kwanza, na mengine bila shaka alijifunza njiani.

Wapendwa, hapa turuhusuni tuwasimulie jambo lililotupata katika utume wetu, ingawa halitupi sifa.

Katika kijiji kimoja cha huku alikuwako mzee mmoja aliyepatwa na kiharusi. Upande wake wa kulia ulikufa ganzi, na maneno yakawa mazito kinywani. Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele ya haki, na watoto wake walikuwa wakifanya kazi Dodoma na Dar es Salaam. Watoto hao wakamwajiri msichana wa jirani, aliyekuwa amemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya kuendelea na masomo, awe anamtunza baba yao. Hawakumuuliza kama anaijua kazi, wala hawakumwonyesha. Walimwachia funguo, debe la unga na namba ya simu.

Kila mwezi tulifika kumpelekea mzee huyo Ekaristi Takatifu. Tulisali naye, tukambariki, tukamwambia msichana, "Mungu akubariki kwa kazi njema," kisha tukapanda pikipiki yetu na kwenda zetu. Mwezi wa tatu msichana alitufuata hadi nje, akasimama akiwa ameinamisha kichwa. "Padre," alisema, "samahani, naomba urudi ndani umwone babu mgongo."

Tulirudi. Alipomfunua mzee shuka, tuliona kidonda kiunoni, kirefu kuingia ndani, na kingine kisiginoni. Yalikuwa majeraha yanayompata mtu anayelala upande mmoja siku nyingi. Msichana alikuwa akilia. Alidhani ni laana, kwa kuwa jirani mmoja alimwambia kwamba mzee yule alikuwa na mambo yake ya giza na sasa mwili unamlipa. Alikwisha kuamua kutoroka usiku ule. Kilichomzuia ni kwamba hapangekuwa na mtu wa kumpa mzee uji asubuhi.

Ndugu wapenzi, sisi tulisoma seminari kuu kwa miaka mingi. Tulifundishwa falsafa, Maandiko, na sheria za Kanisa. Mara tatu tulisimama kando ya kitanda kile tukiwa na stola shingoni, na hatukuona kidonda kilichokuwa chini ya shuka, kwa sababu hatukutazama. Aliyekiona ni binti asiye na cheti chochote. Tunakiri kosa hilo mbele yenu, ili catekista au mwanajumuiya anayetusikiliza, atakapomtembelea mgonjwa, auliza pia habari za mgongo na visigino vyake.

Siku ya pili tulimpeleka msichana kwa muuguzi wa zahanati, naye muuguzi akaja nyumbani na kumfundisha kwa vitendo. Akamwomba pia mama mmoja wa jumuiya, aliyewahi kumuuguza mkwewe kwa miaka mingi, awe anapita jioni. Kidonda cha kisiginoni kilifunga mapema. Kile cha kiunoni kilichukua miezi, lakini nacho kilipona. Katika kisa hiki tunapata mafundisho matatu.

Fundisho la kwanza: kutokujua kazi si dhambi, wala si sababu ya kuikimbia. Katika majira ya baridi ya mwaka 1839, huko Saint-Servan nchini Ufaransa, mwanamke mmoja mtumishi wa majumbani, aitwaye Jeanne Jugan, alimchukua mjane mzee, kipofu na aliyepooza, akamlaza katika kitanda chake mwenyewe. Yeye akahamia kulala juu darini. Alikuwa na umri wa miaka 47. Hakuwa na fedha, hakuwa na nyumba ya wazee, na hapakuwa na shirika lolote nyuma yake. Baada ya mjane huyo alimpokea mwingine, na mwingine tena, akawa anazunguka na kikapu akiwaombea chakula. Hivyo ndivyo lilivyozaliwa Shirika la Masista Wadogo wa Maskini, ambalo hata jirani zetu wa Nairobi wanalijua kwa nyumba yake ya wazee iliyoko Kasarani. Mwaka 2009 Papa Benedikto wa XVI alimtangaza Jeanne kuwa Mtakatifu. Utakatifu huo mkubwa ulianza kwa mzee mmoja na kitanda kimoja.

Fundisho la pili: moyo mwema hautoshi, kwa maana kazi hii ina ujuzi wake, na ujuzi hufundishwa. Msichana wetu alikuwa na huruma tangu siku ya kwanza, na kidonda kiliota pamoja na huruma hiyo. Hebu tuyataje machache aliyofundishwa, kwa faida ya wote wanaoanza. Asiyeweza kujigeuza ageuzwe walau kila baada ya saa mbili mchana, na usiku pia asisahauliwe. Ainuliwe, asiburutwe, kwa kuwa ngozi ya mzee ni nyembamba na huchubuka upesi. Kila siku atazamwe kiunoni, makalioni, mabegani na visiginoni. Pakionekana mahali palipobadilika rangi, penye joto au pagumu kuliko kwingine, mahali hapo pasilaliwe tena, na muuguzi aarifiwe mapema. Apewe chakula akiwa ameketishwa wima, kidogo kidogo, na asilazwe mara amalizapo. Akianza kukohoa, mlishaji asimame kwanza. Maji apewe mara kwa mara hata kama haombi, maana wazee wengi hawaisikii kiu.

Tena kuna ujuzi wa heshima, ambao ni mgumu kupita huo. Mzee anapooshwa, mlango ufungwe, na sehemu isiyooshwa ifunikwe. Kabla ya kumgusa, aambiwe kinachotaka kufanyika. Aliyepatwa na ugonjwa wa kusahau asigombezwe kwa kuuliza jambo lile lile mara kumi. Yoshua bin Sira alikwisha kutuasa kwamba hata akili za baba zikipungua, mwana amvumilie wala asimdharau kwa kuwa yeye ana nguvu zake zote. Na mwisho wa Injili ya Yohane, Bwana anamwambia Petro kwamba atakapokuwa mzee atainyosha mikono yake, na mtu mwingine atamfunga mshipi. Mtume mkuu mwenyewe alitabiriwa kuvikwa na mikono ya mwingine. Nani kati yetu ataepuka?

Fundisho la tatu: anayemtunza mzee anastahili haki. Tulipokwenda kuona kidonda, tuligundua pia kwamba msichana hakuwa amelipwa kwa miezi miwili. Tulimpigia simu mtoto mkubwa wa mzee. Alitujibu kwa upole kabisa, "Padre, yule pale anakula na kulala bure, shida yake ni nini?" Wapendwa, neno hilo tumelisikia katika nyumba nyingi za waamini, tena waamini wanaotoa zaka vizuri. Mtume Yakobo, katika sura ya tano ya waraka wake, anafundisha kwamba ujira uliozuiliwa kwa hila unapiga kelele hadi masikioni mwa Bwana. Anayeamka usiku mara tatu kumgeuza baba yako anafanya kazi. Anahitaji mapatano yanayoeleweka, mshahara wa wakati wake, siku ya kupumzika, na nafasi ya kwenda Misa. Mlezi aliyechoka kupita kiasi huanza kufoka, kisha huanza kupiga. Tusimlaumu yeye peke yake siku hiyo.

Hapa tuseme neno kwa vijana wetu. Ni kweli kwamba huko ng'ambo watu wengi huajiriwa kutunza wazee, na wako ndugu zetu wanaoishi kwa kazi hiyo kwa heshima. Lakini milango hubadilika. Uingereza iliwafungulia walezi kutoka nchi za nje mwaka 2022, na Julai 2025 ikawafungia waombaji wapya walioko nje. Kwa hiyo akija mtu Nduguti akiwataka wazazi wako wauze ng'ombe ili akupeleke huko, uliza kwanza, tena uliza kwa wanaojua. Na kumbuka kwamba yuko bibi katika kitongoji chako ambaye ungeweza kuanza kujifunzia ubinadamu kwake leo, bila kulipa nauli.

Basi, sisi tulio Kanisa tufanye nini? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inaiona familia na jamii kuwa ndiyo mahali pa kwanza pa kumtunza mzee, na makazi ya wazee kuwa njia ya mwisho. Katika mkoa wetu serikali ina makazi ya namna hiyo huko Sukamahela, wilayani Manyoni. Waliofika huko wengi ni wale waliokosa mtu wa kuwapokea. Lakini familia haiwezi kuubeba mzigo huu ikiwa imeachwa peke yake. Tunaomba kila Jumuiya Ndogo Ndogo ijue kwa majina wazee wake wasioweza kutoka nyumbani, na ijue pia jina la anayemtunza kila mmoja. Anayeanza kazi hiyo apewe mama au baba mzoefu wa kumshika mkono kwa mwezi wa kwanza. Mwalikeni muuguzi wa zahanati aje kufundisha, walau mara moja kwa mwaka, mkiwa mmekusanyika. Tena, pale mnaposikia bibi akiitwa mchawi kwa sababu ya macho mekundu, semeni wazi kwamba macho hayo ni ya moshi wa kuni alizowapikia watoto maisha yake yote. Maneno ya namna hiyo yamewaua akina mama wazee katika nchi hii, na humfukuza hata yule kijana aliyekuwa tayari kuwahudumia.

Mzee wetu aliishi mwaka mmoja na zaidi baada ya siku ile. Msichana hakutoroka. Mshahara wake ulilipwa, ingawa kwa kusukumwa. Siku ya maziko watoto walitoa shukrani kwa Padre, kwa Halmashauri ya Walei, kwa kwaya na kwa majirani. Msichana alikuwa jikoni akipakua chakula cha wageni, na jina lake halikutajwa. Sisi nasi tulikuwapo, na hatukusimama kulitaja. Hilo nalo ni deni letu. Mwenyezi Mungu, aonaye sirini, analijua jina hilo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyemkabidhi Mama yako kwa mwanafunzi asiyekuwa na uzoefu, uwape walezi wa wazee wetu uvumilivu na ujuzi. Utufumbue macho tuone majeraha yaliyofichwa chini ya shuka. Utufundishe kulipa ujira wa haki na kutoa shukrani mapema, wakati anayestahili bado yupo mbele yetu. Na sisi tutakaponyosha mikono yetu katika uzee, utujalie mtu wa kutupokea. Unayeishi na kutawala daima na milele. Amina.

Mungu Mwenyezi awabariki, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Dominika njema.