UFUNGUO UWE MFUKONI MWAKO

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wafanya kazi wa viwanda vya mpira)



Mimi ni mtu wa reli, lakini jirani yangu alikuwa katika kiwanda kimoja cha mpira, na leo mkono wake wa kulia una kidole gumba tu. Alizima mashini apate kuisafisha. Mwenzake wa zamu iliyofuata hakumwona, akabonyeza swichi.

Ninyi mwazijua zile rola mbili za kukandia mpira. Zazunguka zikielekeana, na mpira wenye moto hunata. Zikishika glavu au mkono wa shati, huvuta hata kiganja, wala hakuna mtu awezaye kushindana nazo kwa nguvu.

Kwetu relini, fundi akiingia chini ya behewa, kwanza huweka bendera nyekundu. Bendera ile haiondoi mtu mwingine ye yote, hata bwana mkubwa, ila yeye aliyeiweka. Basi nanyi fanyeni vivyo hivyo. Kabla ya kutia mkono, zima swichi kubwa, itie kufuli, na ufunguo uwe mfukoni mwako. Ngoja rola zisimame kabisa. Kisha jaribu kuiwasha mashini. Isipoitika, ndipo uanze kazi. Mkiwa watu watatu, kufuli ziwe tatu.

Tena, kile chuma cha kusimamishia mashini kilicho mbele ya rola kijaribiwe kila zamu inapoanza, kama dereva ajaribuvyo breki kabla ya kuondoka stesheni. Kisiposimamisha, kazi isianze.

Wengine watasema, "Nyapara atakasirika." Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mfanya kazi aiarifu hatari kubwa kwa msimamizi wake, na mwajiri asimtake arudi mahali pale maadamu hatari ingalipo. Na mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi lazima pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao humo. Kama kwenu haipo, idaini kwa njia ya chama.

Bei ya kufuli si kubwa. Jirani yangu alilipwa fidia, na fedha zile zimekwisha. Vidole havikurudi.