Neno la Mama Lipimwe, Lisitupwe
(Hotuba ya mwalimu wa shule ya kambi, Siku ya Wanawake, 8 Machi)



Nimepewa dakika chache niseme juu ya neno la mwanamke katika Maandiko. Nimechagua habari tatu. Kila mtu akazisome mwenyewe nyumbani.

Ya kwanza iko Hesabu 27. Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirza, mabinti watano wa Selofehadi, walisimama mbele ya Musa, kuhani, wakuu na mkutano wote. Baba yao alikufa bila mtoto wa kiume, nao wakadai fungu lake. Musa hakuwafukuza, wala hakujifanya anajua jibu. Alilipeleka shauri lao kwa Mungu, na jibu likawa kwamba wanadai haki. Hata sheria ikatolewa kwa ajili yao. Hapa Burundi, ambako kwa mila binti harithi shamba la baba yake, habari hiyo bado ni mbichi.

Ya pili ni Luka 24. Wanawake walirudi kutoka kaburini na habari kubwa kuliko zote, lakini mitume waliiona kuwa upuuzi. Petro aliondoka mbio akaenda kutazama. Ndugu, ukiwa na shaka, fanya kama Petro: nenda ukaone.

Mwingine ataniuliza: je, mke wa Potifa hakusema uongo? Alisema, na Yosefu akafungwa. Lakini soma pia habari ya tatu, ya Susana, Danieli 13 katika Biblia ya Kikatoliki. Walioongopa pale ni wazee wawili waliokuwa waamuzi, na watu wakawaamini kwa sababu ya cheo chao. Danieli aliwatenga, akamwuliza kila mmoja tendo lilikuwa chini ya mti gani. Majibu hayakulingana, Susana akaokoka. Basi uongo hauchagui mume wala mke. Dawa yake ni kuuliza vizuri.

Akina mama wa Burundi walijua hayo. Julai 2000 walikutana Arusha, wakampa Mzee Mandela mapendekezo yao, na mengi yakaingia katika Mkataba wa tarehe 28 Agosti mwaka huo.

Kwetu kambini, mama akilalamika kwamba kadi ya chakula imechukuliwa, au binti yake ameshambuliwa akitafuta kuni, mara nyingi swali la kwanza ni: mwanamume gani aliona? Naiomba Kamati mambo matatu: malalamiko yaandikwe katika daftari siku ile ile, asikilizwe mbele ya mama mmoja wa Kamati, apewe jibu. Mabinti wa Selofehadi walipewa jibu.