Maradhi Yafuatayo Tufani

Leo twapenda kusema nanyi habari za Beira, bandari ya nchi ya Msumbiji, mpate kujua jinsi watu wanavyookolewa baada ya upepo kutulia.

Usiku wa tarehe 14 Machi, 2019, tufani iitwayo Idai ilipiga mji ule. Mapaa yalichukuliwa, hata hospitali kuu iliharibika. Kisha mito ya Buzi na Pungwe ikafurika, na watu wakakaa juu ya miti wakingoja mashua. Katika Msumbiji peke yake walikufa watu zaidi ya 600.

Wengi hudhani kwamba maradhi baada ya msiba kama huu huletwa na harufu ya maiti. Sivyo. Waliozama au kuangukiwa na nyumba hawazushi kipindupindu, wala hapana haja ya kuwafukia upesi katika shimo moja kabla jamaa zao hawajawatambua. Adui yu majini: choo kimefurika, kisima kimeingiliwa na uchafu, na watu wamesongamana wakichota mahali pamoja.

Tarehe 27 Machi Serikali ya Msumbiji ilitangaza kwamba kipindupindu kimeingia. Vituo vya kutibu wagonjwa vilikuwa vikiwekwa, na tarehe 3 Aprili chanjo ya kunywa ilianza kutolewa. Kwa muda wa siku chache watu zaidi ya 800,000 waliipata. Wagonjwa walipita 6,000, lakini waliohesabiwa kufa ni 8 tu. Haiti haikuwa hivyo. Huko tetemeko la nchi lilitokea Januari 2010, na kipindupindu kikaingia Oktoba mwaka ule ule, kikiletwa na askari wa kigeni waliokuja kulinda amani, ambao uchafu wa kambi yao uliingia mtoni. Katika miaka iliyofuata walikufa watu karibu 10,000. Basi hata ajaye kusaidia hana budi kuangalia choo chake!

Mgonjwa wa kipindupindu huuawa na kukaukiwa maji mwilini, na aweza kufa kwa saa chache. Kumnyima maji, kama wafanyavyo wengine ili kuharisha kukome, ni kumwua. Kama hamna pakiti za chumvi za hospitali, twaeni lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, mtie vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vijiko visijae kupita kiasi. Anywe kidogo kidogo, pasipo kuacha, hata njiani akipelekwa hospitali. Mtoto mchanga aendelee kunyonya. Asiyeweza kunywa hutiwa maji katika mshipa, na kazi hiyo ni ya waganga wa hospitali.

Jumbe akisikia kwamba watu wawili watatu wanaharisha maji matupu, na apeleke tarishi siku ile ile, asingoje siku ya baraza. Aandike hesabu ya wagonjwa, jina la kijiji, na kisima wanachochota.