Kipini, Mahali Mto Tana Uingiapo Baharini



Watu wa Meru na Embu wapatapo nafasi ya kuzuru pwani, wengi hufuata njia ya Mombasa na Malindi. Ni wachache wapitao Garsen, wakaendelea upande wa Witu, kisha wakageuka kuelekea baharini mpaka Kipini. Mji huo ni mtulivu. Mna minazi, mashua za wavuvi, na kaburi ambalo wenyeji husema ni la Fumo Liyongo, shujaa na mshairi wa Waswahili wa kale.

Hata hivyo mtu atokaye mlimani si mgeni kabisa Kipini. Hapo ndipo Mto Tana huingia baharini, nao umebeba maji ya Rupingazi ya Embu na Kathita ya Meru. Wakati wa mafuriko maji hayo huwa mekundu kwa udongo wa mashamba. Udongo wa Rupingazi hunaswa kwa wingi na mabwawa ya umeme, la mwisho likiwa Kiambere, lililokamilika mwaka 1988. Nao huyapunguzia nafasi ya kuweka maji. Lakini Kathita huungana na Tana chini ya Kiambere. Udongo wake hauna kizuizi kama hicho.

Basi mkulima afikapo Kipini na asimame ufukoni, aitazame rangi ya maji. Kisha arudi nyumbani akatengeneze matuta na kupanda majani ukingoni, kabla ya mvua za Machi. Asiyeziba ufa hujenga ukuta.